Mlango wa Nyumba Usioonekana

Katika Mbulu, Haydom, Dongobesh na Katesh, na katika vijiji vingi vinavyouzunguka Mlima Hanang, kimeingia majumbani kisanduku kidogo chenye taa mbili tatu, na pengine chenye antena zilizosimama kama pembe za mbuzi. Watu hukiita ruta. Mara nyingi hutiwa laini ya simu ndani yake, nacho hutoa waifai, na simu za baba, mama na watoto zote zikapata intaneti kwa kifurushi kimoja. Kwa kisanduku hicho kijana husoma masomo yake, mama huzungumza na binti yake aliyeolewa Tanga, na baba mwenye duka hupata bei za maharage na vitunguu saumu kutoka Arusha.

Kila mtu nyumbani hukitumia, lakini ni nyumba chache ambamo yupo mtu aliyepewa kazi ya kukiangalia. Hufungwa siku ya kwanza, huwekwa juu ya kabati, kikawa kama saa ya ukutani: madhali yaenda, hapana aiulizaye hali. Makala haya yataka kuonyesha kwamba jambo hili si dogo kama lidhaniwavyo. Kukitunza kisanduku hicho ni katika kuitunza nyumba, na pia ni katika kuchunga haki ya jirani.

RUTA NI KITU GANI?

Ruta ni kompyuta ndogo. Ina ubongo wake na kumbukumbu yake, na ndani yake imewekwa programu ambayo ndiyo iiamrishayo: huyu mruhusu aingie, yule mzuie, ujumbe huu upeleke kwenye simu ya mama, na huu kwenye kompyuta ya mtoto. Programu hiyo ya ndani mafundi huiita fimwea. Imeandikwa na wanadamu, na kazi ya mwanadamu haikosi upungufu. Baada ya ruta kuuzwa, watu hugundua katika programu yake nyufa ambazo mwandishi wake hakuziona. Kiwanda chema kikipata habari ya ufa huandika programu nyingine ambayo ufa huo umezibwa, kikaitoa bure kwa kila aliyenunua. Kuichukua hiyo mpya na kuiweka mahali pa ile ya zamani ndiko kunakoitwa kusasisha.

Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalifikiri. Siku kiwanda kinapotoa dawa, siku hiyo hiyo wezi nao hujua ugonjwa ulikuwa wapi. Huichukua programu ya zamani na programu mpya, wakazilinganisha, wakaona palipozibwa. Basi nyumba ambayo haikusasisha ruta yake huwa katika hatari kubwa zaidi baada ya dawa kutolewa kuliko kabla yake.

YALIYOTOKEA ULIMWENGUNI

Haya si maneno ya kutishana. Mwaka 2016 ilitokea programu mbaya iliyoitwa Mirai. Kazi yake ilikuwa kuzunguka katika intaneti ikibisha hodi kwenye ruta na kamera za ulinzi za watu, ikijaribu majina na nywila za kiwandani zipatazo sitini, yaani zile ambazo mnunuzi huzikuta siku ya kwanza na kwa uvivu akaziacha. Kifaa kilichofunguka kilifanywa askari wa kukodiwa. Mwenyewe hakujua, maana intaneti yake iliendelea kama kawaida. Lakini ilipotolewa amri, vifaa hivyo vyote kwa pamoja vilimwagia mahali pamoja mafuriko ya maombi ya uongo, hata mahali hapo pakazimika.

Silaha ya namna hiyo ilitumika barani mwetu. Katika nchi ya Liberia, Mwingereza mmoja aitwaye Daniel Kaye alilipwa na ofisa wa kampuni moja ya simu ili aiharibie kazi kampuni shindani, Lonestar. Alitumia vifaa vya watu alivyokwisha kuviteka, na mwezi wa Novemba mwaka 2016 mafuriko yale yalikuwa makubwa hata intaneti ya nchi ikatikisika. Mwezi huo huo, huko Ujerumani, ruta zipatazo 900,000 za wateja wa kampuni moja ya simu zilianguka pale programu ya mtu huyo ilipojaribu kuziteka. Kaye alihukumiwa Uingereza mwezi wa Januari mwaka 2019 kifungo cha miaka miwili na miezi minane. Ama wale wenye kamera na ruta zilizotumika, wao hawakushitakiwa, kwa kuwa hawakujua. Lakini vifaa vyao ndivyo vilivyofanya kazi ile.

Mwaka 2018 likaja jingine lililoitwa VPNFilter. Hilo lilikutwa katika ruta na vifaa vya kuhifadhia kumbukumbu visivyopungua 500,000, katika nchi 54. Mirai huondoka ruta ikizimwa na kuwashwa, ijapokuwa hurudi upesi ikiwa nywila ni ile ile. Lakini VPNFilter sehemu yake moja ilibaki ndani hata baada ya kuzimwa. Iliweza kusikiliza yapitayo, na iliweza hata kuiua ruta kabisa. Wenye ruta hizo waliambiwa wazirudishe katika hali ya kiwandani, kisha waweke programu mpya.

Na mwaka huo huo wa 2018 ruta za MikroTik, kampuni ya nchi ya Latvia ambayo vifaa vyake hutumiwa sana na watoa huduma wadogo wa intaneti, zilikutwa na ufa. Kampuni ilitoa dawa mwezi wa Aprili. Ilipofika Agosti, ruta zipatazo 200,000 zilikuwa zimekwisha tekwa, zikitumiwa kuwachumia wezi fedha za kidijitali. Dawa ilikuwapo kwa miezi, tena ya bure. Kilichokosekana ni mtu wa kunyosha mkono akaichukua.

HAKI YA JIRANI

Sasa na turejee nyumbani. Tarehe 3 Desemba mwaka 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang, vikaingia Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Siku kama ile, mwenye jamaa zake huko, akiwa Babati, Dar es Salaam au Muscat, ana haja moja tu: kusikia kwamba wazima. Na daktari, na mwenye gari la kubeba majeruhi, na mwenye kugawa mablanketi, wote hutegemea njia ile ile ya mawasiliano.

Basi mtu na alinganishe mambo haya mawili. Njia hiyo ambayo siku ya msiba ni uhai wa watu, ndiyo iliyotikiswa Liberia kwa vifaa vya majumbani vilivyoachwa na nywila za kiwandani. Mwenye kuacha ruta yake hivyo ni kama aliyeacha shoka lake nje ya mlango usiku: huenda yeye asidhurike, lakini likachukuliwa likavunjie nyumba ya mwingine. Sisi tumefunzwa kwamba jirani asifikwe na shari kutoka kwetu, na katika zama hizi jirani aweza kuwa mtu aliye mbali na sisi kwa maelfu ya maili.

Mzee mmoja aweza kusema: "Mjukuu wangu, kisanduku hiki chafanya kazi vizuri tangu kiletwe, kwa nini kiguswe?" Kijana na amjibu kwa adabu: "Babu, ng'ombe akikamuliwa na mwizi usiku, asubuhi humkuta zizini vile vile, kilichopungua ni maziwa." Ruta iliyotekwa mara nyingi haina dalili. Pengine kifurushi kitakwisha kabla ya siku zake, pengine intaneti itakuwa nzito saa ambayo hapana anayeitumia, na pengine hapataonekana chochote.

Lakini tusizidishe upande wa pili pia. Si kila uzito wa intaneti ni ugonjwa wa ruta. Tarehe 12 Mei mwaka 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ya Tanzania na nchi jirani ikadhoofika sana. Siku hiyo mtu angaliizima na kuiwasha ruta yake mara mia asingalipata faida. Kwa hiyo kabla ya kugusa kitu, muulize jirani atumiaye mtandao ule ule kama naye ana shida. Ikiwa nanyi nyote mmekatikiwa, acheni ruta.

NAMNA YA KUSASISHA

Kazi yenyewe yawezekana kwa kijana yeyote asomaye kwa makini na asiyefanya haraka. Hatua zake ni hizi.

Kwanza, ijue ruta yako. Igeuze uone karatasi iliyobandikwa chini yake. Hapo pameandikwa jina la kiwanda, namba ya modeli, na mara nyingi toleo la kifaa, kama V1 au V2. Andika yote katika daftari. Modeli moja yaweza kuwa na matoleo mengi yanayofanana kwa nje na kuachana kwa ndani, na programu ya toleo moja ikitiwa katika toleo jingine huweza kuiua ruta.

Pili, ujue ni ya nani. Ikiwa ulipewa au uliuziwa na kampuni ya simu, huenda kampuni hiyo imeifunga na huenda huisasisha yenyewe kutoka mbali. Nenda katika duka lao ukawaulize mambo mawili: je, ruta hii husasishwa na nyinyi? Na mara ya mwisho ilikuwa lini? Ni haki ya mteja kuuliza.

Tatu, ingia ndani yake. Simu au kompyuta ikiwa imeunganishwa na ruta hiyo, fungua kivinjari uandike anwani iliyo katika karatasi ile ya chini. Mara nyingi huwa 192.168.0.1, au 192.168.1.1, au 192.168.8.1. Utaulizwa jina na nywila. Ikiwa nywila ya kuingilia ni "admin", au ni ile iliyoandikwa chini ya kisanduku, basi ibadilishe siku hiyo hiyo kabla ya jambo lingine lolote. Nywila hii siyo ile ya waifai wanayopewa wageni. Hii ni ufunguo wa bwana wa nyumba, wala haipewi mgeni.

Nne, tafuta mahali paandikwapo habari za kusasisha programu. Ruta nyingi za siku hizi zina kitufe cha kuitafuta programu mpya na kuiweka zenyewe. Ikiwa ipo nafasi ya kuamrisha ruta ijisasishe yenyewe usiku, iamrishe, maana ruta isiyosahau ni bora kuliko mtu mwenye kusahau. Ikiwa haina kitufe hicho, nenda katika tovuti ya kiwanda chenyewe, tafuta modeli na toleo lako, upakue faili lake. Usichukue faili la namna hii katika kundi la simu, wala kwa mtu aliyekupigia akidai kuwa ni fundi wa kampuni. Faili hilo kwa kawaida si kubwa; kifurushi kidogo chatosha.

Tano, hifadhi mipangilio yako kwanza. Katika ruta nyingi pana mahali pa kuihifadhi katika kompyuta. Na yale muhimu, kama jina la waifai na mipangilio ya laini, yaandike pia katika daftari.

Sita, na hili ndilo kubwa, angalia umeme. Wakati programu ya zamani inafutwa na mpya inaandikwa, ruta haina kumbukumbu timilifu ya nafsi yake. Umeme ukikatika katika dakika hizo chache, yaweza isiamke tena. Basi usifanye kazi hii wakati wa radi na mvua, wala siku ambayo umeme unakwenda na kurudi. Mwenye betri au sola na aitumie, baada ya kuhakikisha kuwa volti ni zile zilizoandikwa katika ruta. Wenzetu wa Nairobi waliotengeneza kifaa kilichoitwa BRCK, kilichotangazwa mwaka 2013, walikijua kisa hiki cha umeme wa kwetu. Ndiyo maana walikipa betri yake ndani, ya kudumu saa nane.

Saba, ikiwa unapeleka faili kwa mkono, unganisha kompyuta na ruta kwa kebo, maana waifai yaweza kukatika njiani. Ukishabonyeza, kaa. Taa zitazimika na kuwaka. Usichomoe, usibonyeze tena, wala usimwache mtoto achezee. Subiri mpaka irudi yenyewe.

Nane, ikisharudi, tazama kama namba ya programu imebadilika. Kisha funga madirisha yaliyobaki wazi: zima usimamizi wa kutoka mbali ikiwa huutumii, zima WPS, ile njia ya kuunganisha kwa kitufe au namba fupi, na ulinzi wa waifai uwe WPA2 au WPA3. WEP ya zamani ni mlango wa makuti.

KIWANDA KINAPOIACHA RUTA

Sasa huja swali gumu. Itakuwaje ikiwa umekwenda katika tovuti ya kiwanda ukakuta programu ya mwisho ni ya miaka saba iliyopita? Maana yake ni kwamba kiwanda kimeiacha ruta hiyo, na nyufa zitakazogunduliwa baadaye hapana atakayeziziba. Hapo pana njia mbili: kubadilisha programu yake kabisa, au kuiacha ruta yenyewe.

Njia ya kwanza ina historia nzuri. Mwishoni mwa mwaka 2002 kampuni ya Linksys ilianza kuuza ruta iitwayo WRT54G. Mwaka 2003 wataalamu waligundua kwamba ndani yake mna programu ya Linux, ambayo mwandishi wake wa kwanza, Linus Torvalds wa Finland, aliitoa kwa watu mwaka 1991. Linux ina leseni ambayo sharti lake lafanana na kisima cha wakfu: kila mtu achote, na atakayekiongeza kina asikizungushie ukuta akakifanya chake. Kampuni haikuwa na budi kuitoa wazi programu ile. Watu wakaichukua, wakaitengeneza, na mwaka 2004 ukaanza mradi uitwao OpenWrt, ambao mpaka leo hutoa bure programu ya ndani kwa mamia ya modeli za ruta. Hivyo ruta iliyoachwa na kiwanda chake huweza kupata uhai wa pili mikononi mwa watu waliojitolea.

Lakini si kila ruta hufaa. Yapasa kutazama katika orodha ya OpenWrt kama modeli na toleo lako limo. Ruta nyingi za bei ndogo zina megabaiti 4 tu za hifadhi na 32 za kumbukumbu, kama baadhi ya matoleo ya TP-Link TL-WR841N, na mradi wenyewe hauzishauri tena kwa matoleo yake mapya. Ruta za kutia laini ya simu nazo mara nyingi hazimo. Na ile iliyo mali ya kampuni ya simu haifai kubadilishwa bila idhini ya mwenyewe. Tena atakayebadilisha ajue kwamba huenda akapoteza dhamana ya kiwanda, na akikosea ruta yaweza kufa. Kijana atakaye kujifunza na ajifunze kwa ruta kuukuu iliyowekwa pembeni, asianze na ile inayotegemewa na nyumba nzima.

Ikiwa njia hiyo haiwezekani, basi ruta hiyo imemaliza kazi yake. Twajua kwamba fedha ni ngumu, na kwamba mkulima wa Basotu hawezi kununua ruta mpya kila mwaka. Ndiyo maana busara yaanza siku ya kununua. Uingereza, kwa sheria iliyoanza kufanya kazi tarehe 29 Aprili mwaka 2024, imekataza vifaa vya namna hii kuuzwa na nywila moja ya kiwandani ya kila mtu, na imewalazimisha watengenezaji kutaja ni mpaka lini watavitengenezea dawa. Nasi twaweza kumwuliza mwenye duka swali hilo hilo, au kulitafuta wenyewe katika tovuti ya kiwanda kabla ya kutoa fedha. Ruta ya bei nafuu iliyokwisha achwa si nafuu.

KAZI YA NANI?

Mwisho, twashauri kila nyumba imteue mtu mmoja. Awe kijana, mvulana au msichana, mwenye kusoma na mwenye kutunza siri. Apewe daftari ambalo ndani yake mmeandikwa modeli ya ruta, siku iliyonunuliwa, na siku iliyosasishwa mara ya mwisho. Nywila ya kuingilia iandikwe katika karatasi mbali, ihifadhiwe na mama au baba pamoja na hati za nyumba. Kila baada ya miezi mitatu kijana huyo aingie, atazame kama pana programu mpya, na atoe habari kwa wazazi wake. Kazi yote haizidi nusu saa.

Faida yake si ya ruta peke yake. Mtoto aliyezoezwa kutunza kitu kisichoonekana, ambacho hapana atakayemsifu kwa kukitunza wala kumlaumu upesi kwa kukiacha, amezoezwa amana. Na akishajua ya nyumbani kwao, aende kwa bibi yake, kisha madrasa, kisha dukani kwa jirani, akiuliza kwa adabu: "Shikamoo, mnaniruhusu niitazame ruta yenu?"